Mfuta Makunyanzi

Watu husema kupiga picha.
Vardges Manasyan hakupiga kitu.
Alijifunika kitambaa cheusi, akakohoa,
akangoja uso uchoke kujifanya.
Wengine iliwachukua dakika tatu.
Meneja wa kiwanda cha soksi, nusu saa,
na bado tuliambulia tai tu.

Mimi nilikaa dirishani na penseli,
negativi juu ya kioo,
mwanga wa theluji ya Gyumri ukipanda kutoka chini.
Kwenye negativi dunia imepinduka:
nywele za bibi harusi ni maziwa,
meno ni makaa,
na makunyanzi, hayo maadui wa wateja,
ni nyufa za mwanga.
Kazi yangu ilikuwa kuziba nyufa.
Kopeki thelathini kwa kila uso.

Mji wetu wenyewe umejengwa kwa mawe meusi.
Baridi ikija, theluji hukaa juu ya kila ukingo,
nawe huna haja ya kuuliza
kwa nini mtu apende picha isiyo na rangi.
Jumba jeusi, kofia nyeupe.
Kunguru. Shati lililoganda kwenye kamba.
Rangi huja na maua ya bustani,
hukaa kidogo kama mgeni mwenye gari la kuwahi.

Haykanush alikuja Februari,
mwoka mikate wa mtaa wa chini,
unga bado umo kwenye nyusi,
gauni jekundu la kuazima.
"Wekundu utaonekana?"
"Utakuwa mweusi," Vardges akajibu ndani ya kitambaa,
"ila si mweusi wa koti lako. Mweusi wenye homa."
Akacheka.
Hapo ndipo mzee alipominya mpira.

Usiku ule nikamwona akitokea ndani ya beseni.
Twaita kusafisha picha,
kana kwamba mtu alikuwamo humo tangu zamani,
ila ana vumbi.
Yalitangulia macho. Daima ni macho.
Kisha ukosi, kisha kicheko,
kisha kovu, kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo,
likinyanyuka polepole
kama njia ya mbuzi mlimani ukungu ukiondoka.

Nilifanya kazi nzuri. Naapa.
Siku mbili, penseli ngumu, ncha ya sindano,
nukta baada ya nukta,
pumzi nimeibana nisitie mvuke kwenye kioo.
Shavu likawa yai.
Vardges alilitazama, hakusema neno,
nami, mjinga, nikadhani amenisifu.

Jumamosi akaja kuichukua.
Akaitazama. Akaigeuza nyuma. Akaitazama tena.
"Dada mzuri huyu," akasema. "Ni nani?"

Pamba. Tapentaini.
Nikafuta kufuta kwangu
huku amesimama nyuma yangu, ananuka hamira.
Nilimwuliza kovu limetoka wapi.
"Tanuri," akasema.
Akajifunga skafu, akafika mlangoni.
"Halikuwa tanuri."

Baada ya hapo niliendelea kuziba nyufa za watu,
njaa haina falsafa,
lakini kila uso niliuachia mmoja,
mdogo, karibu na jicho,
na hakuna mteja aliyelalamika.

Juzi mjukuu wake amenijia na simu.
Ameipata ile picha ndani ya kopo la vifungo,
ameipitisha kwenye mashine ya kutia rangi.
"Tazama, bibi Nvard! Kama yu hai!"
Mashavu ya waridi. Ukuta wa kijani.
Gauni, bluu.
Nikamwambia ni nzuri, nikatafuta miwani,
nikaisogeza simu hadi ikagusa pua.
Kila kitu mashine imekibahatisha,
isipokuwa kovu.
Hapo haikujua la kufanya.
Imeliacha kijivu.